Tulivyofikisha mikweche Concours Nairobi bila kupanda lori

Walionipa ushauri walikuwa wengi, na kila mmoja alisema kama aliyeteremshiwa. Ami yangu, ambaye hajamiliki gari la kabureta (kile kichanganyio cha petroli na hewa cha magari ya zamani) tangu enzi za Moi, alishikilia tusafiri usiku ili injini zipoe. Fundi mmoja hapa Mombasa akasema tuyapakie magari kwenye lori, maana "Peugeot 404 haipandi tena Nairobi hiyo." Na kwenye grupu ya WhatsApp, kila aliyekuwa na vidole aliandika kwamba gari lenye mbio litangulie lifungue njia. Tungewasikiliza wote tungekuwa bado tuko Mariakani.

Kwa asiyejua, Concours d'Elegance ni mashindano ya magari yaliyotunzwa, hufanyika Ngong Racecourse, kwa kawaida mwezi wa Septemba, na waandalizi wake ni Alfa Romeo Owners Club tangu 1970. Si pahali pa kuegesha na kupiga picha tu. Waamuzi wanafungua boneti, wanapekua buti, wanainama kutazama chini ya gari, halafu wanakupa alama. Mimi nina Peugeot 404, na naomba ikumbukwe kwamba gari hili lilishinda Safari Rally 1963, 1966, 1967 na 1968. Wenzangu hawapendi nikiitaja miaka hiyo. Mwenye Beetle hunijibu kwa 1962 yake, basi tunaendelea hivyo mpaka chai inapoa.

Tuanze na huo usiku. Beetle ya mwenzetu ni ya umeme wa volti 6, taa zake ni vibatari. Barabara ya Mombasa kwenda Nairobi usiku ni ya matrela yanayotoka bandarini, moja linalipita jingine huku wewe unakuja. Nani atakuona? Tukaswali alfajiri, tukakutana Changamwe, tukatoka kukiwa na mwanga.

Mpangilio nao niliugeuza. Mbele niliweka Land Rover ya mzee wetu mmoja, ambayo ikifika themanini milango inaanza kuimba. Mwenye Datsun 160J alinuna mpaka Mazeras. Lakini ukimtanguliza mwenye mbio, atafika Voi anakunywa soda huku wewe umekwama Taru na hana habari. Sharti letu lilikuwa moja tu: kila dereva anamchunga wa nyuma yake kwenye kioo. Usipomwona, punguza mwendo. Wa mbele yako naye hatakuona, atapunguza, na habari inafika mbele bila mtu kugusa simu. Nyuma kabisa ilikuja Probox ya shemeji, imebeba spea, maji, kina mama na sambusa.

Mackinnon Road tulisimama kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, kama madereva wengi wafanyavyo, tukasoma Fatiha. Anayepita bila kusimama na apite, mimi na gari la umri huu sijaribu.

Sasa Manyani. Tulikuwa nyuma ya foleni ya matrela, mwendo wa kobe, jua la Tsavo limesimama utosini. 404 ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Nikaipiga stata, wapi! Basi hapo ndipo mafundi walipozaliwa. Mwenye Datsun akasema koili. Mwenye Beetle akasema ni kawaida ya magari yanayopozwa kwa maji. Tukabadilisha kondensa, tukapiga msasa pointi, cheche ikawa nzuri kabisa na gari halitaki. Nikampigia ami. Akasema mafuta yamechakachuliwa, nimwage tangi zima. Nimwage tangi, Manyani!

Aliyetuokoa ni utingo wa trela, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe. Hakuuliza kitu. Alichomoa bomba la petroli pale kwenye kabureta, akaniambia nipige stata, ikatoka pumzi na matone mawili matatu. "Mzee, petroli yako inachemka humu ndani," akasema. Akanionyesha: pampu ya 404 imebanwa ubavuni mwa injini, na bomba limepita karibu na ekzosi. Petroli ikipata joto la kutosha inageuka mvuke, na pampu ile imeumbwa kusukuma kitu cha majimaji, haiwezi kusukuma pumzi. Akaomba maji na kitambaa.

Kitambaa kilichokuwa karibu ni khanga ya mke wangu, mpya, imeandikwa "Usisafirie nyota ya mwenzio." Mama watoto alikataa katakata. Akalitazama jua, akaitazama barabara, akaitoa. Tukailowesha, tukaivingirisha kwenye pampu, na ilivyotoa mvuke ungedhani tunapiga pasi. Haikuchukua hata muda wa kuvuta sigara mbili, gari likawaka.

Lakini khanga hukauka. Hapo ndipo akili yangu mwenyewe ilipofanya kazi, na hili nalisema kwa maringo. Nililivuta bomba mbali na ekzosi kwa kipande cha waya, kisha nikachukua foili iliyofunika sambusa, nikalizungushia bomba tabaka kwa tabaka, upande unaong'aa nje. Halikunizimikia tena safari nzima. Gharama yake ni sambusa, kwa sababu sinia lilibaki wazi juu ya boneti ya Probox, na nyani wa Manyani hawahitaji kukaribishwa. Dume moja lilikaa kando ya lami likitafuna huku linatutazama.

Ndiyo maana tulifika Makindu na njaa. Gurdwara ya pale, hekalu la Masingasinga, ipo tangu 1926, na humlisha msafiri wa dini yoyote bila kumdai: chapati, dengu, chai. Vua viatu, funika kichwa, usiingie na sigara wala pombe. Tafadhali msiende kama wenye kuvizia hoteli ya bure. Tulichanga kitu tukaacha.

Kuanzia Emali usishangae gari likilegea. Nairobi iko juu ya mita 1,600, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa Mombasa inamimina petroli nyingi kupita hewa inayopata. Moshi mweusi, plagi zinashika masizi, nguvu inapungua karibu sehemu moja ya sita. Fundi wangu alikuwa amenipa jeti ndogo, kile kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta, nikaibadilisha Sultan Hamud. Land Rover haikubadilishwa chochote, ikapanda mwinuko wa Salama kwa gia ya pili, matatu zote zikitutukana.

Petroli ilinila kama elfu tisa au kumi, kwenda tu. Malazi hatukulipa, tuna jamaa South C, ingawa baada ya kuosha magari uani kwao Jumamosi nzima kwa miswaki sijui kama tutakaribishwa tena. Chumvi ya pwani hujificha kwenye kingo za milango na chini ya mipira; usipoitoa, mwamuzi ataitoa kwa kidole akuonyeshe.

Mimi aliniuliza waipa. Ya kushoto ikagoma. Ya kulia ikafanya kazi kwa bidii ya mbili, lakini alama hawakunirudishia. Mwamuzi mwingine aliitazama foili yangu kwa muda, akaandika kitu, akaondoka. Sikuuliza.

Wakati wa kurudi, Salama tuliteremka kwa gia ya tatu, maana breki za zamani zikishapata moto hazishiki. Mikweche yote ilifika Mombasa kwa magurudumu yake. Iliyopata pancha ni Probox, karibu na Kibwezi, na jeki yake ilikuwa imeachwa nyumbani kwa shemeji, ikabidi iinuliwe kwa ya Land Rover.