Kaskazi Nzima Bila Moto

Mimi ni kibarua wa kuzima moto wa msitu, upande wa Gede, Malindi. Si zimamoto wa gari jekundu na king'ora. Silaha zetu ni panga, reki, pampu ya maji ya mgongoni na matawi mabichi ya kuupigia moto. Mkataba ni huu: ukiitwa, walipwa siku yako; hukuitwa, shauri yako.

Basi mvua za El Niño za vuli ya 2023 zilinyesha mpaka zikakera. Kaskazi, majira ya kiangazi, ilipoingia, majani kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke yalikuwa mabichi kama mchicha. Miaka mingine mrina asali au mchoma makaa akisahau kijinga kimoja tu cha moto, upepo wamalizia. Mwaka ule hata moshi hakuna. Nikawa naamka, natazama angani, nasikitika. Mtu mzima nasikitika kwamba shamba la mwenzangu haliungui!

Barazani wakanambia, "Si uwashe kidogo, mwitwe?" Wakacheka. Mimi sikucheka, nimeshauona moto ukiruka barabara.

Aliyenitia hasara ni mjomba. "Shika tuktuk, uwe deiwaka, dereva wa kutwa. Hesabu ya mwenye chombo yenyewe ndogo." Siku ya tatu nikambeba mama mmoja na magunia mawili ya maembe ngowe. Pale mchanga unapogeuka mweupe na laini, gurudumu la mbele likazama. Nikashuka, nikachimba kwa mikono, nikatandika matawi mabichi, nikajiona fundi. Nikavuta mafuta. Tuktuk ikaruka, ikapanda kichuguu, ikalala ubavu taratibu kama ng'ombe aliyechoka. Maembe yakatapakaa, mbuzi wakaja mbio, sijui nani aliwaita. Mama hakuumia. Alijifunga leso vizuri, akanitazama, akauliza, "Baba, kwani kazi yako hasa ni gani?"

Nililipa maembe, nikalipa kioo, nikarudi na deni la elfu nne na ushei.

Aliyeniokoa ni mama watoto. "Hayo majani unayoyalaani kila asubuhi, ng'ombe hawayali?"

Hapo akili ikafunguka. Kaskazi ndio msimu wa korosho, na korosho ikiiva yaanguka yenyewe. Chini pakiwa na majani ya kiunoni, huioni. Nikawafuata wenye mikorosho. Mtu aliyezoea kufyeka kinga huku moto waja, ekari moja ya mtu haimtishi. Mwenye shamba akilipa kufyekewa, majani yaleyale nayafunga matita, nampelekea mfuga ng'ombe wa maziwa. Jasho moja, malipo mawili! Siku nzuri nilipata kama elfu moja hivi, na siku ya moto sijawahi kuiona hiyo. Mwenye shamba mmoja alishtukia mchezo akataka mgao. Nikamwachia matita mawili ya mbuzi wake, akanyamaza. Ila majani yaliyolala usiyazoe kwa mkono. Yageuze kwanza kwa reki, nyoka bafe hupenda kivuli kile. Mimi nilivaa viatu vya kazini, vile virefu vya kuzimia moto.

Simu ya mnyapara ililia mara moja tu msimu mzima, mwisho wa Machi, wingu la masika limeshatanda. Moyo ukaruka. Kumbe ataka viatu virudishwe vikahesabiwe.

Nikamwambia aningoje jioni, niko kazini navyo.