Nilivyoomba ruzuku ya utafiti usio na takwimu

Nilitaka kujua kwa nini watu wa Mukuru, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, huacha dawa za presha. Swali kama hilo dodoso halilimalizi. Lataka ukae na mtu umsikilize. Lakini wengi wanaosoma maombi ya ruzuku za afya wamelelewa kwenye takwimu, na ukiwaletea sampuli ya watu thelathini hivi, wanaona umefanya uvivu.

Ndiyo maana sehemu ya sampuli ndiyo niliyoitolea jasho. Kusema tu kwamba nitahoji mpaka pasiwe na jipya hakutoshi, kila mwombaji huandika hivyo. Nilieleza nitamtafuta nani na kwa sababu gani: aliyeacha dawa, anayeendelea nazo, muuza duka la dawa, mhamasishaji wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba. Nikautaja utafiti wa Guest na wenzake wa 2006, uliotumia mahojiano na wanawake wa Ghana na Nigeria, ambapo mada nyingi zilikwisha kujitokeza katika mahojiano 12 ya kwanza. Halafu, kwa idhini yake, nikaweka maneno ya mama mmoja wa kliniki: "Dawa ya nini, daktari, na kichwa hakiniumi?" (Mimi si daktari, ila ukivaa koti jeupe Nairobi hilo ndilo jina lako.)

Bajeti nayo ina mambo. Saa moja ya sauti humla mnukuzi mzoefu, yaani anayeyaandika mahojiano yaliyorekodiwa, si chini ya saa nne, na hapo hujatia Sheng na honi za matatu, wala tafsiri. Nikaipa kazi hiyo mstari wake na hesabu yake, nisiifiche kwenye "mengineyo". Vivyo hivyo nauli za washiriki: mtu ameacha kibarua cha siku aje kuzungumza nawe. Mwalimu wangu alikuwa ameniambia, "Binti, mstari usioelezwa ndio hukatwa kwanza."

Vibali nilivipangia miezi ya mwanzo, kwani leseni ya NACOSTI, tume ya Kenya inayoidhinisha utafiti, hudai kwanza barua ya kamati ya maadili. Na kwa kuwa kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, nilieleza sauti zitahifadhiwa wapi, nani atazifungua na zitafutwa lini.

Wafadhili walikubali. Walikata fedha za kongamano la ng'ambo. Unukuzi na nauli hawakuvigusa.