Wosia wa mwenye baa wa Bermondsey

Jumanne kaka alinipigia huku Uingereza kutoka Muheza. Karani kasema tena jalada la mirathi ya baba halionekani, na wa kulitafuta anataka hela ya maji. Mara ya tatu hii. Baba tulimzika 2009. Nilikata simu nikalia jikoni, kisha nikavaa koti nikaenda kwa jirani, maana nilishamwahidi.

Jirani yangu ni bibi wa Kizungu, umri wa mama yangu mzazi, macho yamepungua. Aliniomba nimsomee wosia wa babu wa babu yake, aliyekuwa na baa Bermondsey, mtaa wa viwanda vya ngozi kusini mwa London, miaka ya 1860. Nilishangaa. Kwetu wosia ukifunguliwa hata mkwe hutolewa nje. Yeye alinivutia kiti, akamimina chai, akaniwekea karatasi mbele.

Nakala ile aliipata kwa pauni 1.50, bei ya wakati ule, haikufika nauli ya basi. Tangu Januari 1858 kuthibitisha wosia Uingereza na Wales kulitoka mikononi mwa mahakama za kanisa, kukaja mahakama ya serikali, na kila mwaka likatolewa daftari: jina la marehemu, kazi yake, alikoishi, siku aliyofariki, wasimamizi na thamani ya mali. Unatafuta kwa jina na mwaka, bure, unaagiza. Karatasi ya zaidi ya miaka 150 ipo. Ya baba haijafika hata 20.

Mwandiko ulitutesa, ukurasa wa kwanza peke yake ulikula saa nzima. Baa kaachiwa mke, ila akiolewa tena iuzwe. Mabinti wawili wapate sawa na kaka yao, na fungu lao liwe lao wenyewe, mume asiliguse. Hapo nilirudia kusoma. Zama zile mali ya mwanamke aliyeolewa kwa kawaida ilikuwa chini ya mumewe; sheria iliyomwachia mali yake ilipita 1882. Kwa hiyo mwenye baa alijua asipoandika neno lile, mabinti zake watanyang'anywa. Baba naye alitutaja kwa majina, mimi na dada, kwenye shamba la machungwa. Leo tunaambiwa tumeshaolewa, tunatafuta nini.

Bibi alitaka kuwajua majirani wa babu yule zaidi kuliko mali. Msimamizi mmoja hakuwa ndugu, alikuwa fundi mapipa. Mashahidi walikuwa wawili, majina mageni kabisa kwenye ukoo, na sababu ipo: kwa sheria ya 1837 shahidi akiwa amerithishwa kitu humo, anakikosa. Ndiyo maana huitwa mtu wa mlango wa pili, daktari, au karani wa wakili. Tukafungua sensa ya 1861. Karani wa sensa aliandika nyumba kwa nyumba alivyopita, kwa hiyo ukimpata mtu mmoja umeupata mtaa. Baa hii hapa: mke, watoto, msichana wa kuhudumia, wapangaji wawili. Mbele nyumba tatu, fundi ngozi, jina lilelile lililotia sahihi kwenye wosia. Bibi aliweka kidole pale, hakukiondoa muda mrefu. "Alikuwa na rafiki," akasema.

Nyinyi mnaofunga mabegi kwenda ughaibuni, nawasihi. Kabla ya kupanda ndege piga picha hati ya shamba, wosia kama upo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na namba ya jalada. Usimwachie ndugu mmoja kila kitu kwa kuwa wewe utakuwa mtumaji wa hela. Mimi nimetuma miaka yote hii, na namba ya jalada la baba yangu sina.

Nilipokuwa nasuuza vikombe bibi akaniuliza, "Na wa baba yako, mashahidi walikuwa nani?" Nikakaa tena. Baba aliandika barazani, tayari anaumwa. Walikuwepo wanne: fundi baiskeli, mwenye duka, katekista, na mzee wa kitongoji. Bibi akaniletea kalamu, nikawaandika kila mmoja na kazi yake na nyumba yake. Wawili wameshafariki. Mwenye duka alihamia Korogwe. Katekista yupo, hapo hapo kijijini, na simu anayo mjukuu wake. Jumapili akitoka ibadani nitampigia.