Siku moja maishani mwangu: tarehe 3 Juni, njiani kuelekea mto Tallahatchie

Saa kumi na moja alfajiri

Mimi ni dereva wa lori, mzaliwa wa Nakuru ninayeishi Texas na familia yangu, na siku ninayoisimulia ilianzia katika kituo cha malori kusini mwa Memphis, nikizunguka trela na tochi mkononi. Kabla ya kung'oa nanga sharti nikague matairi, taa, breki na mipira ya upepo, kisha nitie sahihi kwamba gari ni salama. Sheria ya Marekani inaniruhusu kuendesha saa 11 tu ndani ya saa 14 tangu nianze kazi, baada ya hapo nipumzike saa 10, na kifaa kinachohesabu saa hizo hakibembelezeki.

Mzigo ulikuwa wa Greenwood, Mississippi, na malipo yake yalikuwa hafifu. Dispacha, yaani anayenigawia mizigo, alishangaa nilipoukubali bila kubishana, kwa maana ananijua kuwa mtu wa kubishana. Sikumweleza kwamba tarehe ilikuwa 3 Juni. Ningeanzia wapi?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Tuliolelewa Bonde la Ufa tulinyonya muziki wa kantri pamoja na maziwa. Jumapili asubuhi redio ya baba ilikuwa ya Jim Reeves, Don Williams na Dolly Parton, nasi watoto tuliimba maneno tusiyoyajua maana. Labda ndiyo sababu ukubwani nimekuwa mtu wa kupekua maneno. Tuko madereva wanne wenye ugonjwa huo. Yuko Mwalimu, aliyeacha chaki Meru na sasa hubeba vyuma huko Ohio. Yuko ndugu yetu wa Mombasa. Na yuko dada mmoja anayevuta trela la friji, ambaye huongea kidogo na kukumbukwa sana. Kila mwaka tarehe 3 Juni tunafungua simu ya pamoja, kila mtu akiwa barabarani kwake na spika masikioni, tunaujadili wimbo mmoja.

Wimbo wenyewe ni "Ode to Billie Joe" wa Bobbie Gentry, mwana wa Mississippi aliyeutunga mwenyewe na kuutoa Julai 1967. Mwishoni mwa Agosti mwaka huo uliwang'oa Beatles kileleni mwa chati kuu ya Marekani, ukakaa hapo wiki nne. Mwalimu hupenda kutukumbusha kwamba kwenye chati ya kantri haukupita nafasi ya 17, kwa hiyo si wimbo wa kantri. Tumeshazoea kumnyamazisha kwa hilo.

Kwa asiyeujua: ni tarehe 3 Juni katika Delta ya Mississippi. Msichana anayesimulia ametoka shambani, kaka yake ametoka kufunga nyasi kavu, na familia inakaa mezani kula chakula cha mchana. Mama analeta habari kwamba Billie Joe MacAllister amejirusha kutoka daraja la Tallahatchie. Baba anasema kijana yule hakuwa na akili hata chembe, kisha anaomba apitishiwe mikate, yale maandazi yao yasiyo na sukari wanayoyaita biskuti, na kukumbusha kwamba bado kuna ekari tano za kulima. Kaka anakumbuka siku alipomtumbukizia dada yake chura mgongoni kwenye sinema, huku naye Billie Joe akiwemo. Anaomba kipande kingine cha pai ya tufaha na kusema jambo hili halimwingii akilini, kwa kuwa juzijuzi tu alimwona marehemu. Mama anamuuliza binti kwa nini hali, kisha anaongeza, kama kwa kupitia tu, kwamba mhubiri kijana alipita nyumbani akasema alimwona msichana aliyefanana sana naye akiwa na Billie Joe, wakitupa kitu kutoka darajani.

Walitupa nini? Hapo ndipo watu wamekwama tangu 1967. Wako wasemao pete ya uchumba, wasemao maua, wasemao kitoto kichanga, na wale ambao kwa sababu ya vita vya Vietnam husema karatasi ya kuitwa jeshini. Mwaka 1976 ilitoka hata filamu iliyojaribu kulifunga jambo hilo kwa mwanasesere wa nguo, na sijakutana na shabiki hata mmoja aliyeridhika.

Mwalimu alianza kwa kanuni yake ya kila mwaka: anayetoa dai aonyeshe mstari. Pete haina mstari. Mtoto hana mstari. Vietnam haimo kabisa. Ndugu yetu wa Mombasa akamjibu kwamba kama kila kitu kingekuwa na mstari basi lisingekuwa fumbo, ingekuwa risiti.

Saa mbili asubuhi

Pale Winona niliiacha barabara kuu ya 55 nikashika ya 82 kuelekea magharibi, kupitia vilima vya kaunti ya Carroll, ambayo imo katika wimbo kwa sababu sinema ile ya chura ilikuwa huko. Barabara inapanda na kushuka kati ya misonobari, halafu ghafla vilima vinakwisha. Ardhi inalala chini kama mkeka, mashamba hadi upeo wa macho, bila kilima hata kimoja mbele yako. Hiyo ndiyo Delta. Nilipunguza mwendo mlimani nikawaambia wenzangu kwamba sasa ninaelewa kwa nini wimbo unataja ukingo wa vilima kila mara na kumweka Billie Joe huko juu, na familia ya msichana huku bondeni kwenye udongo mweusi. Hawa hawakuwa majirani wa ukuta kwa ukuta. Mtu alihitaji sababu ya kupanda kule.

Pamba ya Juni haikufika hata magotini. Kwa miaka mingi nilidhani msichana yule alikuwa akivuna, mpaka dada wa friji, ambaye wazazi wake walilima pamba, akanisahihisha: pamba haivunwi mwezi wa sita, na neno linalotumika kule ni la kupunguza miche na kung'oa magugu kwa jembe. Ni palizi. Tofauti si ndogo. Mvunaji huinama akiwa na mfuko unaojaa, anaona matunda ya kazi yake. Mpaliliaji hushinda juani akichagua mche upi ubaki na upi ukatwe, na jioni shamba linaonekana kama lilivyokuwa asubuhi.

Saa tatu asubuhi

Ghala la Greenwood lilinipokea kwa maneno mawili: subiri hapo. Foklifti, ile mashine ya kuinua na kushusha mizigo, ilikuwa imeharibika. Nikaegesha trela kwenye mlango wa kupakulia, nikazima injini, na hapo mjadala ukakolea kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka.

Ndugu yetu wa Mombasa alisema tumekuwa tukilitazama daraja ilhali jambo limo mezani. "Nyinyi watu wa bara," alituambia, "mwasikiliza alichokisema yule mama kama taarifa ya habari. Mie nimekulia katika taarabu. Mwanamke akisema mbele ya watu, 'nimeambiwa kuna msichana afananaye nawe sana,' hapo hakuna kufanana. Hilo ni fumbo. Amefumba baba asielewe, na binti aelewe kwamba siri yake iko mikononi mwa mamake."

Tulinyamaza sote. Aliendelea: mhubiri yule anaijua familia, maana anakaribishwa kula nao Jumapili. Mtu anayekujua vizuri hivyo hakuoni akasema umefanana na wewe mwenyewe. Naye pia alikuwa akimfumbia mama, kwa adabu, ili asimtaje mwanawe kwa jina. Kwa hiyo fumbo lilitoka kwa mhubiri, likapita kwa mama, likamfikia binti juu ya sahani ya chakula asichokigusa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Na mjinga wa mezani ni baba.

Nakiri lilinitikisa. Nimeusikia wimbo ule tangu utotoni, na kumbe nilikuwa nimekaa upande wa baba.

Mwalimu ndiye aliyesimama kumpinga, na alikuwa na silaha nzito: kauli za mtunzi mwenyewe. Gentry alieleza kwamba kitu kilichotupwa kilikuwepo ili kuwaunganisha wale vijana wawili na kumpa msikilizaji sababu ya kushuku, na kwamba kiini cha wimbo ni ukatili usiojijua, jinsi watu wanavyozungumzia kifo cha kijana huku wakipitishiana vyombo, bila kufahamu kwamba mmoja wao amekaa pale na moyo uliopasuka. Ukatili usiojijua, alikazia Mwalimu. Mama akiwa anajua, ukatili unajijua, na wimbo mzima unaanguka.

"Au mama anamlinda," akasema wa Mombasa.

"Angemlinda angemfuata jikoni baadaye. Asingesema mbele ya kaka."

"Kwani wimbo umetuonyesha jikoni?"

Na mstari hakuna, kweli. Msichana mwenyewe hatamki neno hata moja pale mezani. Tunayoyajua yote ni ya wengine, yeye anasimulia tu vilivyosemwa. Nikamuuliza dada wa friji ana maoni gani. Hakujibu. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuhesabu nani aliomba chakula gani na katika ubeti upi, nasi tukacheka, tukaendelea.

Saa nne na nusu asubuhi

Foklifti ilikuwa bado inasubiri fundi, kwa hiyo niliomba ruhusa nikaacha trela mlangoni, nikaenda na kichwa cha lori peke yake. Kutoka Greenwood hadi kijiji cha Money ni maili kama kumi kuelekea kaskazini, barabara nyembamba yenye mashamba huku na huku.

Daraja la wimbo halipo. Lilianguka Juni 1972 baada ya wahuni kulichoma moto, na lililopo sasa ni jingine. Mto wenyewe ndio uleule, mpana kidogo kuliko nilivyotarajia, wa rangi ya chai ya maziwa, unakwenda bila sauti. Nilisimama kando nikaona kipande cha mti kikipita chini yangu polepole sana, kikageuka mara moja, kikaenda.

Lakini aliyefika Money hawezi kusimama darajani tu. Kando ya barabara kuna magofu ya duka, kuta zimezongwa na mimea, na mbele yake kibao cha kumbukumbu. Hapo ndipo Emmett Till, kijana Mweusi wa miaka 14 aliyekuja kutoka Chicago kuwatembelea jamaa zake, aliingia kununua vitu Agosti 1955. Siku chache baadaye alitekwa usiku katika nyumba ya jamaa zake hao na kuuawa, na mwili wake ukatolewa katika mto huu wa Tallahatchie ukiwa umefungwa kwa waya kwenye feni nzito ya kiwanda cha pamba. Baraza la wazee wa mahakama, wote Wazungu, lilichukua saa moja na kitu kuwaachilia washtakiwa.

Wako wasikilizaji wanaosema wimbo wa Gentry ni habari ya Till kwa kuficha. Mimi sioni hivyo, na Mwalimu angenidai mstari. Hata hivyo, kati ya kifo kile na wimbo huu kuna miaka 12 tu, mto ni mmoja, na familia nyingi za bonde hili zilikaa mezani mchana ule wa 1955 zikala. Nilipolifikiria hilo, hoja ya wa Mombasa ikanilegea mkononi. Ningependa mama yule awe anajua, kwa sababu fumbo angalau ni namna ya kumjali mtu. Nadhani hakujua. Nadhani alikuwa akipiga soga, na wazo la kuoanisha sahani isiyoguswa na maneno ya mhubiri, yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe kwa pumzi moja, halikumpitia kabisa.

Niliwatumia wenzangu picha ya mto. Dada wa friji alikuwa wa kwanza kujibu: "Umetupa nini?"

Nikamwandikia kwamba sikutupa kitu.

"Wote husema hivyo," akajibu. Kisha akaandika ujumbe wa pili. Alisema sisi wanaume tumekesha miaka na kitu cha kwanza, ambacho hatutakiona kamwe, na hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu cha pili, ambacho kimetajwa waziwazi. Mwaka unapita. Kaka ameoa, amefungua duka Tupelo. Baba amekufa kwa homa ya virusi, mama hana hamu ya kufanya lolote. Na msichana anachuma maua kule juu, anayadondosha mtoni kutoka daraja lilelile. "Sasa mama amekuwa kama binti alivyokuwa siku ile," aliandika. "Wote wawili wamefiwa, nyumba moja, na hawaambiani. Kama mama alijua fumbo, hapo ndipo angelifumbua."

Nilimsomea Mwalimu kwa simu. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Mstari upo."

Saa saba mchana hadi kumi na moja jioni

Trela likashushwa hatimaye, karatasi zikatiwa sahihi, nikachukua mzigo mwingine na kuelekea Jackson. Mvua kidogo, malori mengi, hakuna la kusimulia.

Saa moja jioni

Nikiwa nimeegesha kupumzika, ugali ukipoa kwenye sufuria yangu ya umeme, mke wangu alipiga simu ya video. Walikuwa mezani na watoto. Nilimweleza juu ya mto, magofu ya duka, kijana wa miaka 14 na ile feni ya pamba. Alisikiliza, uso ukabadilika, akatikisa kichwa akasema, "Maskini, mtoto wa watu." Halafu akageukia pembeni: "Hebu nipitishie hiyo kachumbari."

Niliangua kicheko. Aliniuliza ninacheka nini, na mtoto wetu mkubwa naye akauliza, nikawaambia waendelee kula.