Siku moja ya kazi: kutetea faragha ya vijana kliniki, Nairobi

Saa 2 asubuhi. Tunaanza na vikundi vya WhatsApp. Kila aliye ndani ya kikundi huona namba za wenzake, kwa hiyo kikundi cha vijana wanaotumia ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, ni sajili kamili ya nani ana virusi, hata kikiitwa "Marafiki wa Jumamosi". Matangazo ya miadi tunayapitisha kwenye orodha ya matangazo, ambapo kila mtu hupokea ujumbe peke yake. Ila asiyehifadhi namba ya mtumaji hapati kitu, na hapo ndipo wengi hukosa miadi. Ujumbe unaojifuta usikudanganye: picha ya skrini haijifuti.

Saa 3 na nusu. Ukaguzi wa programu za afya. Kila programu tunaipakua kwenye simu tupu isiyo na namba za watu, kisha tunaangalia kwenye mipangilio imeomba ruhusa gani. Programu ya kuhesabu siku za hedhi haina shughuli na namba zako wala mahali ulipo. Kisanduku kilichokwisha kutiwa tiki si ridhaa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, anayekusanya data ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba uliridhia, na ridhaa hiyo unaweza kuiondoa. Tena, kuitoa programu kwenye simu hakufuti kilichokwisha kufika kwenye seva. Lazima uombe kifutwe.

Saa 5. Kliniki, kupitia SMS pamoja na sista wa zamu. "Njoo CCC uchukue dawa zako" ni ujumbe mbaya, maana CCC ni kliniki ya wenye virusi. "Habari, kumbuka miadi yako Alhamisi saa 3 asubuhi" unatosha. Jina la mtumaji nalo huangaliwa, maana mara nyingi hujitokeza hata skrini ikiwa imefungwa. Wakati wa usajili sista huuliza swali moja ambalo fomu nyingi hazina: nani mwingine hushika simu hii? Mulika mwizi ya nyumbani ni ya mama, ya kaka na ya jirani pia. Namba ithibitishwe kila ziara, kwa kuwa laini iliyolala muda mrefu hupewa mteja mwingine, na ujumbe wako unamfikia mgeni.

Saa 8 mchana. Barua. Kijana anayetaka kuona rekodi yake huandika maombi nakala mbili na kugongewa muhuri wa tarehe kwenye yake. Kanuni za 2021 za sheria hiyo ya data zinaipa kliniki siku 7 kujibu, bila malipo. Kurekebisha makosa ni siku 14. Bila muhuri huo, siku hizo mtazihesabu kwa kubishana.

Walio chini ya miaka 18 ndio wenye fundo. Kwa kawaida ridhaa ya mzazi inahitajika ili kutumia data yao, lakini kifungu cha 33 cha sheria hiyo kinaweza kuisamehe huduma inayotoa ushauri nasaha au ulinzi wa mtoto pekee. Anayedai orodha ya majina ya wanafunzi wenye virusi tunamwonyesha hukumu ya Mahakama Kuu ya Desemba 2016: agizo la kukusanya orodha kama hizo lilitangazwa kuwa kinyume cha Katiba.

Saa 10. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli ya madhara, mwenye mfumo ana saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Mwathiriwa naye ahifadhi picha nzima ya skrini, isiyokatwa, yenye namba na saa, na asiisambaze hata kwa rafiki wa kumliwaza. Malalamiko yanaweza kuwa ya mdomo. Ofisi ya Kamishna huyaandika, na sheria inataka uchunguzi uishe ndani ya siku 90.

Saa 12 jioni. Tunafuta picha za vitambulisho kwenye simu na pia kwenye nakala za mtandaoni, ambazo husahaulika. Kisha karatasi ya mahudhurio ya warsha, ile ya nauli, ambayo kwa kweli huvujisha kuliko programu yoyote: inapitishwa mkono kwa mkono ikiwa na majina, namba na saini, halafu mtu anaipiga picha. Sasa kila mmoja anasaini karatasi yake na kuikunja. Mfadhili anapata idadi, jinsia na rika. Akitaka majina, aeleze kwa maandishi ni ya kazi gani na atayafuta lini.