Kaye ya madeni

Nauza unga na maharage hapa Ndosho, Goma. Kazi hii niliirithi kwa mama, pamoja na murongo wake wa kupimia na kaye, yaani daftari, ya madeni ya tangu enzi za RCD, waasi walioshika mji huu wakati wa vita. Jalada limeshatoka. Nikitaka kujua tuliishi vipi miaka ile, naifungua.

Kuanzia Agosti 1998, vita vilipoanza upya, vipimo vinapungua: nusu murongo, robo, chumvi ya kijiko. Wanunuzi ni walewale. Januari 2002 kuna kurasa mbili tupu. Tarehe 17 volkano ya Nyiragongo ililipuka, moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, mama amembeba mdogo wangu mgongoni, na kaye ameifunga kwenye kitenge hichohicho. Wakati huo alikuwa akiuzia karibu na Birere, na kibanda kiliungua chote. Tuliporudi alitandika gunia juu ya mawe ambayo bado yalikuwa na joto, akaketi. Watu wakaja wenyewe kulipa madeni ya kibanda kisichokuwapo tena. Nilikuwa mtoto, lakini hilo nililiona kwa macho yangu.

Kaye yangu mimi ilijaa mwaka 2025. Waasi wa M23 waliingia mjini mwishoni mwa Januari. Kwa siku kadhaa hapakuwa na umeme wala maji ya bomba, watoto wakawa wanashuka ziwani na bidoni. Benki zikafungwa. Noti mpya haziingii, basi zile za faranga 500 zikazunguka mpaka zikalegea kama kitambaa, tunaziunga kwa skochi. Dola ndiyo kabisa: ikichanika kidogo tu pembeni, hakuna anayeipokea. Mwenye pesa kwenye simu ilibidi amwachie wakala sehemu yake ndipo apewe za mkononi, na wengine walivuka mpaka kwenda kutoa Gisenyi. Mwalimu mmoja, jirani yangu, alikuja na sahani ameificha chini ya koti.

“Mama, niandikie.”

Nikamwandikia. Kesho yake wakaja wengine watatu. Mimi nami nimeandikwa kwa mama anayeniletea maharage kutoka Masisi, na yeye ameandikwa kwa wakulima huko. Sijui mji huu ungekula nini bila hizo kaye, maana misaada haikufika kila mlango. Mama alinikataza jambo moja: jina la mdaiwa lisisomwe mbele ya mteja mwingine. Nalishika hilo mpaka leo, hata siku nikiwa na hasira.

Kuna ukurasa mmoja ninaourudia. Mama mmoja mwenye mapacha, mkimbizi wa kambi ya Bulengo, alichukua murongo mbili za maharage. Februari, watu wa kambi walipopewa saa 72 waondoke, mahema yakang'olewa, naye akaenda bila kuniaga. Sikumlaumu. Angeniaga saa ngapi, na watoto wawili na turubai kichwani?

Mwezi uliopita motari mmoja anayefanya njia ya Sake alisimama mbele ya meza yangu, hakuzima hata pikipiki. Alikuwa na ujumbe: yule mama wa mapacha anasalimia, amefika kwao, amelima, maharage yametoa maua. Anaomba nisimfute.