Daftari la Kompyuta ya Dukani

Mwaka 2014 niliajiriwa kwenye steshonari moja mjini Morogoro, kazi yangu kuchapa na kuprinti. Kompyuta ilikuwa moja, ya Windows 7, na ilikuwa na tabia ya kuzima ghafla, pap. Siku ilipoondoka na kurasa 6 za utafiti wa mwanachuo ambazo sikuwa nimezisevu, Mama mwenye duka alinikata shilingi 5,000.

"Unaizima vibaya wewe mwanangu. Au hizo flashi zako zina virusi."

Jioni nikabaki. Nikaandika eventvwr kwenye menyu, programu ya Windows ya kuonyesha kumbukumbu za matukio ya kompyuta, nikafungua zile za System. Kila tukio lina namba yake. Ukiizima Windows kwa adabu, huandika 1074 na jina la aliyezima, halafu 6006. Ikikatika ghafla haiwahi kuandika kitu. Husubiri iwashwe tena ndipo ilalamike: 6008, ikitaja saa iliyokatika, na 41 yenye alama nyekundu. Nilikuta 41 kumi na moja ndani ya wiki tatu. Nikazifungua mojamoja, zote BugcheckCode 0. Si skrini ya bluu basi, ile ya Windows ikianguka yenyewe. Umeme ulikatika tu. Lakini ulikatikaje, na feni ya dukani ilikuwa inazunguka muda wote?

Nikavuta daftari la mauzo. Mama alitulazimisha kuandika saa ya kila kazi, jambo lililonikera sana mpaka usiku ule. Kompyuta: 9:12. Daftari: saa 3 na dakika 11, kuprinti barua. Kompyuta: 11:40. Daftari: saa 5 na dakika 40, kuprinti CV. Zote kumi na moja hivyohivyo.

Printa yetu ya leza ilikuwa imechomekwa kwenye UPS ndogo ya kompyuta, kile kifaa chenye betri kinachoishikilia umeme ukikatika. Ikiwa imepoa, roli lake likianza kupata moto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na betri ya UPS ile ilikuwa imeshachoka; ikizidiwa, inakata na kompyuta. Nikaihamishia printa ukutani.

Asubuhi Mama alivaa miwani, akasoma, akanirudishia 5,000 yangu bila neno. Kisha kidole chake kikapanda juu ya orodha.

"Na hii 6005?"

"Hiyo ni ikiwashwa, Mama."

"8:41," akasoma, akahesabu kwa vidole. "Saa mbili na dakika arobaini na moja. Hebu nikumbushe, tulikubaliana ufungue saa ngapi?"